Namna ya kuifanya tovuti yako iingie haraka kwenye Google na Bing

Umemaliza kuandika ukurasa, umeuchapisha, ukiutafuta Google hauuoni. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki inapita. Wengi wakifika hapo huanza kuulizia kitufe cha kubofya, au mtu wa kumlipa ili ausukume ukurasa. Kitufe kipo na nitakieleza, lakini mara nyingi tatizo haliko hapo. Ukurasa usioonekana umekwama mahali fulani njiani, na kazi ya kwanza ni kujua umekwama wapi.

Njia yenyewe ina vituo vitatu. Kwanza, injini ya utafutaji lazima ijue kwamba anwani hiyo ipo. Pili, roboti wake (wa Google anaitwa Googlebot, wa Bing anaitwa Bingbot) anakuja kuusoma ukurasa. Tatu, baada ya kusoma, injini inaamua kama itauweka kwenye faharasa, ile hifadhi inayopekuliwa kila mtu anapoandika swali. Hakuna injini inayoahidi kuhifadhi kila inachokisoma. Google inasema wazi kwamba kusomwa kwa ukurasa kunaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Uamuzi wa mwisho si wako. Kilicho mikononi mwako ni kuondoa kila kinachomchelewesha roboti na kila kinachoifanya injini isite.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza kama kweli haupo

Njia ya mkato ni kuandika kwenye Google neno site: likifuatiwa na anwani yako bila kuacha nafasi, kwa mfano site:example.com/habari. Itakupa picha ya jumla, ila usiitegemee kwa maamuzi, kwa sababu haionyeshi kila ukurasa uliohifadhiwa. Jibu la uhakika liko kwenye Google Search Console, huduma ya bure kwa mwenye tovuti.

Ukijisajili utaombwa uthibitishe kwamba tovuti ni yako. Unaweza kupakia faili dogo, kuweka tagi kwenye ukurasa wa mwanzo, au kuongeza rekodi ya TXT (mstari wa maandishi) kwenye DNS ya kikoa chako, yaani mipangilio inayounganisha jina la tovuti na seva yake. Nakushauri uchague DNS hata kama inaonekana ngumu kidogo. Inakupa taarifa za kikoa kizima kwa pamoja, yenye www na isiyo na www, http na https, pamoja na vikoa vidogo vyote. Tena haipotei siku utakapobadilisha mwonekano wa tovuti, ilhali tagi hufutika kirahisi kazi ya namna hiyo inapofanyika.

Ukishaingia, bandika anwani kamili ya ukurasa kwenye kisanduku cha ukaguzi kilicho juu kabisa. Utaambiwa kama ukurasa uko kwenye faharasa, roboti alikuja lini mara ya mwisho, kama aliruhusiwa kusoma, na Google imechagua anwani ipi kuwa ndiyo ya asili. Angalia jambo moja linalochanganya watu sana: majibu hayo ya kwanza yanahusu kile ambacho Google inacho tayari, si hali ya ukurasa ilivyo sasa hivi. Kama umerekebisha kitu leo, bofya jaribio la moja kwa moja ili uone Googlebot anakuta nini akija wakati huu. Jaribio hilo hukupa hata picha ya ukurasa na msimbo alioupata. Ifungue picha hiyo. Ikiwa ni nyeupe tupu, umeshapata pa kuanzia.

Hatua ya 2: Ondoa vizuizi

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko pengine popote. Ukurasa uliozuiwa hautaingia hata uombewe mara mia.

Anza na noindex. Fungua ukurasa kwenye kompyuta, tazama msimbo chanzo (kwenye vivinjari vingi ni Ctrl na U), kisha tafuta neno hilo. Ukikutana na mstari huu, umepata mchawi:

`<meta name="robots" content="noindex">`

Mstari huo unaiambia injini isiuhifadhi ukurasa, na injini inatii. Kwenye WordPress chanzo chake mara nyingi ni kisanduku kimoja kilichoko kwenye mipangilio ya kusoma, kile kinachoomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mtengenezaji hukitia tiki wakati tovuti ikijengwa, jambo ambalo ni sahihi kabisa, kisha tovuti inazinduliwa na tiki inabaki pale pale. Kiangalie kabla ya kuangalia kingine chochote.

Agizo hilo hilo linaweza kuja kwa njia isiyoonekana kwenye msimbo, kupitia kichwa cha majibu ya seva kiitwacho X-Robots-Tag. Hutumika sana kwa mafaili ya PDF. Ili ulione, andika kwenye dirisha la amri la kompyuta curl -I ikifuatiwa na anwani, au fungua zana za wasanidi kwenye kivinjari na utazame majibu ya seva kwenye sehemu ya mtandao.

Kisha nenda kwenye robots.txt. Ni faili la maandishi linalokaa kwenye mzizi wa tovuti, na kila roboti mwenye adabu hulisoma kabla ya kugusa kitu kingine. Utaratibu huu ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994, na mwaka 2022 ukawa kiwango rasmi cha intaneti, RFC 9309. Fungua example.com/robots.txt ukiweka kikoa chako. Ukikuta hivi:

`User-agent: *`
`Disallow: /`

basi tovuti nzima imefungwa. Mkwaju huo mmoja wa mwisho ndio unaofunga. Ukiufuta na kuacha Disallow: bila kitu mbele yake, kila kitu kinafunguka. Ukisharekebisha usishangae Google ikiendelea kufuata agizo la zamani kwa muda, kwa kuwa kwa kawaida hukaa na nakala ya faili hilo hadi saa 24. Kwenye Search Console kuna ripoti ya robots.txt ambamo unaweza kuomba lisomwe upya.

Kuna mtego unaozaliwa na hayo mawili yakikutana. Mtu anataka ukurasa fulani utoke kwenye Google, anauwekea noindex, halafu kwa kujihami anauzuia pia kwenye robots.txt. Matokeo yake roboti haruhusiwi kuufungua, kwa hiyo halioni lile agizo la noindex, na anwani inaweza kuendelea kuonekana kwenye matokeo bila maelezo yoyote. Ukitaka ukurasa utoke, mwache roboti aingie alisome agizo. Na usiandike noindex ndani ya robots.txt, Google iliacha kuitambua huko tangu Septemba 2019.

Kizuizi cha tatu ni tagi ya canonical, ile inayoieleza injini ukurasa wa asili uko wapi pale ambapo maudhui yale yale yanapatikana kwenye anwani zaidi ya moja. Mfumo uliosanidiwa vibaya unaweza kuweka anwani ya ukurasa wa mwanzo kwenye tagi hiyo kwa kurasa zote. Ikiwa hivyo, kila ukurasa unatamka kwamba wenyewe ni nakala tu. Tafuta canonical kwenye msimbo wa ukurasa uliokwama na usome anwani iliyoandikwa, herufi kwa herufi. Kwa kawaida inatakiwa iwe anwani ya ukurasa huo huo.

Mwisho, tazama seva inajibu nini. Kila anwani inapofunguliwa seva hurudisha namba ya hali, na ukurasa usio na tatizo unajibu 200. Ngao za usalama zinazochuja roboti wabaya wakati mwingine humkatalia Googlebot kwa 403 (hairuhusiwi) huku wewe ukifungua ukurasa bila shida, ndiyo maana jaribio la moja kwa moja lina thamani. Makosa ya 500 na 503 (seva imeshindwa kujibu) yakiwa mengi, Google hupunguza kasi ya kutembelea tovuti nzima ili isiielemee seva, kwa hiyo hata kurasa zisizo na kasoro zinacheleweshwa.

Hatua ya 3: Mpe roboti njia ya kufika

Roboti hugundua kurasa mpya hasa kwa kufuata viungo kutoka kurasa anazozijua. Ukurasa usio na kiungo hata kimoja kinachouelekea ni ukurasa yatima. Unaweza kuwa kwenye ramani ya tovuti (orodha ya anwani inayoelezwa Hatua ya 4) na bado ukakaa muda mrefu bila kutembelewa, kwa sababu hata tovuti yenyewe haionyeshi kwamba ni muhimu.

Kila unapochapisha kitu kipya, fanya hivi. Andika kwenye Google site:example.com ukifuatisha neno la mada yako. Zitakuja kurasa zako za zamani ambazo Google inazijua na inaziona zinahusiana na mada hiyo. Fungua tatu au nne za juu, tafuta ndani yake sentensi inayogusa jambo jipya, na uweke kiungo hapo hapo, kwa maneno yanayoeleza msomaji anakwenda kusoma nini. “Namna ya kuthibitisha umiliki wa kikoa” inafaa. “Bofya hapa” haimwambii kitu msomaji wala roboti. Kisha hakikisha ukurasa mpya unaonekana kwenye ukurasa wa mwanzo au kwenye ukurasa wa sehemu yake, kwa kuwa hizo ndizo kurasa ambazo roboti huzirudia mara kwa mara. Kwa tovuti nyingi ndogo, kazi hii ya dakika chache inasaidia kuliko zana yoyote ya kulipia ninayoijua.

Kiungo lazima kiwe kiungo kweli. Linganisha hivi viwili:

`<a href="/mwongozo/dns">Mwongozo wa DNS</a>`
`<span onclick="fungua('dns')">Mwongozo wa DNS</span>`

Kwa mtu anayebofya, vyote vinafanya kazi. Googlebot anafuata cha kwanza tu, kwa sababu habofyi vitufe. Kwa sababu hiyo hiyo, orodha inayoongezeka kadiri mtu anavyoteremka chini inamwacha roboti na vipengele vya mwanzo peke yake, isipokuwa umetenganisha ukurasa wa pili, wa tatu na kuendelea, kila mmoja na anwani yake na kiungo chake.

Tovuti mpya kabisa ina shida ya ziada: hakuna popote nje inapotajwa. Kiungo kimoja kutoka tovuti inayotembelewa sana na injini, ya mshirika wako wa kazi, chama chako au mradi unaochangia, kinaweza kumleta roboti mapema. Usinunue viungo. Google huhesabu jambo hilo kuwa ukiukaji wa sera zake dhidi ya udanganyifu, na kuirudisha tovuti iliyoadhibiwa ni kazi ndefu kuliko kusubiri wiki mbili.

Hatua ya 4: Ramani ya tovuti

Hii ni orodha ya anwani zako kwa muundo wa XML. Faili moja linabeba anwani 50,000 au MB 50 kabla ya kubanwa. Ukizidi hapo unagawa mafaili. WordPress inaitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, kwenye anwani /wp-sitemap.xml. Iwasilishe kwenye Search Console, na uitaje pia kwenye robots.txt kwa mstari mmoja:

`Sitemap: https://example.com/sitemap.xml`

Weka humo kurasa unazotaka zihifadhiwe tu. Zinazojibu 404 (ukurasa haupatikani), zinazoelekeza kwingine, zenye noindex, zote zitoe. Ndani ya kila anwani, kipengele chenye uzito ni lastmod, tarehe ya badiliko la mwisho, na Google huitumia iwapo inaona ni ya kweli. Mifumo inayoandika tarehe ya leo kwenye kurasa zote kila usiku inaiharibu ishara hiyo. Vipengele vya priority na changefreq Google haivitazami kabisa, usipoteze muda navyo.

Miongozo mingi ya zamani inakuelekeza kuijulisha Google kwa kuita anwani maalumu (ping) kila ramani inapobadilika. Huduma hiyo ilitangazwa kufungwa mwaka 2023 na haipo tena.

Hatua ya 5: Omba

Sasa ndipo kitufe kinapokuwa na maana. Rudi kwenye kisanduku cha ukaguzi, bandika anwani, fanya jaribio la moja kwa moja, na likipita omba ukurasa uwekwe kwenye faharasa. Kuna kikomo cha maombi kwa siku, hivyo yatumie kwa kurasa chache zenye umuhimu. Kuomba ukurasa ule ule tena na tena hakuuwahishi. Google yenyewe imeandika hivyo.

Hatua ya 6: Usiisahau Bing

Bing ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa matokeo yake yanatumiwa pia na injini nyingine, DuckDuckGo ikiwamo. Fungua akaunti ya Bing Webmaster Tools. Inakuruhusu kuhamisha tovuti zako moja kwa moja kutoka Search Console bila kuthibitisha upya.

Halafu weka IndexNow. Huu ni utaratibu uliozinduliwa Oktoba 2021 na Microsoft pamoja na Yandex, ambapo tovuti yako ndiyo inayoijulisha injini kwamba kuna ukurasa mpya, uliobadilika au uliofutwa, badala ya kumsubiri roboti apite. Unatengeneza ufunguo, unauweka kwenye faili la maandishi lenye jina la ufunguo huo kwenye mzizi wa tovuti, kisha unatuma anwani. Ombi moja linaweza kubeba hadi anwani 10,000, na injini iliyopokea inazishirikisha nyingine zilizojiunga, kama Seznam na Naver. Kwenye WordPress kuna plagini inayofanya yote haya bila wewe kugusa msimbo. Google haimo kwenye utaratibu huu, kwa hiyo IndexNow haichukui nafasi ya hatua zilizotangulia.

Hatua ya 7: Angalia kile kinachoonekana kwenye simu

Tangu Julai 2024, Google husoma tovuti zote zinazofunguka kwenye simu kwa kutumia Googlebot wa simu. Kama toleo lako la simu limeficha aya, viungo au jedwali lililopo kwenye kompyuta, kwa Google hayo hayapo. Na kama maudhui yako yanajengwa na JavaScript baada ya ukurasa kufunguka, ujue kwamba Google inaweza kuyasoma, lakini ukurasa hupangwa foleni kwanza ili utekelezwe, na injini nyingine hazina uwezo sawa. Maandishi makuu yatoke kwenye seva yakiwa kamili. Ukiweza kuyasoma kwenye msimbo chanzo, roboti yeyote atayasoma.

Kusoma ripoti baada ya hapo

Mpe roboti wiki moja au mbili, kisha fungua ripoti ya kurasa kwenye Search Console. Hali mbili zinafanana kwa jina na watu huzichanganya, ingawa dawa zake ni tofauti kabisa.

Ya kwanza inasema ukurasa umegunduliwa lakini haujaorodheshwa. Google inaijua anwani, ila roboti bado hajaja. Hapa rudi kwenye viungo vya ndani na kasi ya seva. Kama tovuti inazalisha anwani nyingi zisizo na maana, mathalani kila mchanganyiko wa vichujio vya rangi, ukubwa na bei ukiwa na anwani yake, zizuie kwenye robots.txt ili roboti asimalizie muda huko. Habari za bajeti ya kutembelewa, yaani kiasi cha kurasa ambazo roboti yuko tayari kuzisoma kwenye tovuti moja, zisikusumbue kama tovuti yako ni ndogo. Mwongozo wa Google kuhusu jambo hilo umeandikwa kwa ajili ya tovuti zenye kurasa zaidi ya milioni 1, au zaidi ya 10,000 zinazobadilika kila siku.

Ya pili inasema ukurasa umesomwa lakini haujaorodheshwa. Roboti alikuja, akasoma, akaondoka, na injini ikaamua kutouhifadhi kwa sasa. Hakuna hitilafu ya kiufundi ya kurekebisha, na ndiyo maana hali hii huwaumiza watu. Usome ukurasa wako kama mgeni, kisha usome kurasa zinazoongoza kwenye mada hiyo. Una nini ambacho hazina? Kipimo ulichofanya mwenyewe, picha uliyopiga mwenyewe, maelezo ya hatua ambayo wengine wameiruka? Kama jibu ni hakuna, ongeza hicho. Kurefusha maneno au kubadilisha tarehe ya juu hakusaidii.

Ni wakati huu pia ndipo matangazo ya “tutaingiza kurasa zako ndani ya saa chache” huanza kuvutia. Baadhi ya huduma hizo hupitisha anwani zako kwenye API ya Google (mlango wa programu kuwasiliana na Google moja kwa moja) ambayo imeruhusiwa kwa matangazo ya kazi na matangazo ya video ya moja kwa moja tu. Ukurasa wa kawaida ukisukumwa kwa njia hiyo unakiuka masharti, na hata roboti akija mapema, uamuzi wa kuhifadhi au kutohifadhi unabaki ule ule.

Ukigundua kwamba una kurasa tatu nyembamba zinazojibu swali lile lile, ziunganishe. Chagua anwani moja, ile ambayo tayari ina viungo au wasomaji zaidi. Hamishia humo yote yaliyo mazuri kutoka kwenye nyingine mbili, kisha hizo mbili zielekeze kwenye anwani uliyobakiza kwa 301, yaani elekezo la kudumu. Zifute kwenye ramani ya tovuti, rekebisha viungo vya ndani vyote vilivyokuwa vikizielekea, tuma anwani zote tatu kwa IndexNow ili Bing ijue kilichobadilika, na kwa Google omba ule mmoja uliobaki.